Nani Aliwauliza Wanawake?

Mwishoni mwa 1941, ndani ya geto la Warsaw, watu waliokuwa wakifa kwa njaa na kwa homa ya chawa walikuwa wakifanya utafiti. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum alikuwa ameunda kikundi cha siri kilichoitwa Oyneg Shabes, furaha ya Sabato, kwa kuwa kilikutana Jumamosi. Kikundi kilikusanya kila kilichoweza kushikika: shajara, mabango, tiketi za tramu, karatasi za peremende, insha za watoto wa shule, bei za mkate. Katika kugawana kazi, mwandishi wa habari na mfasiri aliyeitwa Cecilia Slepak alikabidhiwa habari za wanawake. Akawahoji, akataka kujua wanaishije: nani anashona, nani anavusha magendo ya chakula, nani amejiegemeza kwa mwanamume gani na kwa malipo gani, nani ameshindwa kabisa. Slepak hakuokoka. Hazina ya kikundi ilifukiwa ardhini. Sehemu moja ilifukuliwa Septemba 1946 ikiwa ndani ya masanduku ya bati, nyingine Desemba 1950 ikiwa ndani ya makopo mawili makubwa ya maziwa, na utafiti wake ukaonekana tena pamoja na karatasi za wenzake.

Naanzia hapo kwa sababu hoja ya sura hii ni hoja ya tarehe. Yako maelezo yaliyozoeleka kwamba suala la jinsia lilipachikwa kwenye masomo ya Holokosti katika miaka ya 1980, likiletwa na wanaharakati wa vyuo vikuu vya Marekani waliokuwa wakitafuta wanawake kila mahali. Tarehe zinakataa. Swali hilo liliulizwa mauaji yakiendelea, na mtu ambaye mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya kuuawa, kwa agizo la mwanahistoria aliyejua vizuri alichokuwa akikitafuta. Kilichochelewa ni taaluma. Kwa hiyo anayetaka kufahamu maisha ya kitaaluma katika fani hii, yaani namna mtu anavyojipatia jina, cheo na maadui kwa kuandika kuhusu Holokosti, jinsia na kumbukumbu, asianze na nadharia. Aanze kwa kuuliza ni kwa nini ushahidi uliokuwapo tangu mwanzo ulihitaji miaka arobaini kupata wasomaji.

Sehemu ya jibu ni kwamba hata Holokosti yenyewe, mauaji ya Wayahudi wapatao milioni sita mikononi mwa Wanazi na washirika wao, haikuwa somo lenye heshima kwa muda mrefu. Raul Hilberg, mzaliwa wa Vienna ambaye familia yake iliikimbia Austria baada ya Wanazi kuitwaa, alipoamua kuandika tasnifu yake kuhusu mauaji hayo katika Chuo Kikuu cha Columbia, msimamizi wake Franz Neumann alikubali huku akimwonya kwamba anajichimbia kaburi. Onyo halikuwa la utani. Wachapishaji kadhaa waliukataa muswada wake, na kitabu kilipotoka mwaka 1961 mwandishi wake alikuwa akifundisha Vermont, mbali na vyuo vilivyogawa sifa. Leo hakuna anayeandika kuhusu jambo hili bila kupitia kwa Hilberg. Lakini njia aliyoichagua ilikuwa na gharama yake. Alifanya kazi kwa nyaraka za wauaji: amri, ratiba za treni, barua kati ya wizara na wizara, rundo lililotumika katika kesi za Nuremberg. Kuhusu ushuhuda wa walionusurika alikuwa na mashaka. Katika nyaraka za namna hiyo aliyeuawa ni idadi, na idadi, mtu angedhani, haina jinsia.

Angedhani, maana hata hilo si kweli. Itazame ripoti ya Karl Jäger, kamanda wa kikosi cha mauaji kilichofanya kazi Lithuania, ya tarehe 1 Desemba 1941. Ni orodha ya mahali, siku na maiti, na jumla yake ni watu 137,346. Jäger, au karani wake, hakuandika tu kwamba wameuawa Wayahudi kadhaa. Alitenganisha wanaume, wanawake na watoto, siku kwa siku, na anayefuatilia orodha yenyewe anaona jinsi katika majuma ya kwanza waliouawa walikuwa wanaume kwa wingi, kisha katikati ya Agosti idadi ya wanawake na watoto inapanda ghafla. Hapo ndipo wanahistoria wanapoona mateso na mauaji ya kuchagua yakigeuka kuwa maangamizi ya watu wote. Kipimo cha kugeuka huko ni wanawake. Mwishoni Jäger anatoa na ushauri kuhusu wachache waliobakizwa kwa kazi: wanaume wafungwe vizazi, na mwanamke atakayeonekana ana mimba auawe. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Oktoba 1943, Heinrich Himmler, mkuu wa SS, aliwahutubia viongozi wa chama cha Nazi mjini Posen na akalileta yeye mwenyewe swali la wanawake na watoto, akieleza kwamba hakuona haki ya kuwaua wanaume na kuwaacha watoto wakue waje kulipiza kisasi. Ukisoma hotuba hiyo huwezi tena kusema kwamba jinsia ni wazo la wasomi wa baadaye. Wauaji walilifikiria, wakalihesabia, wakalitolea hoja.

Upande wa waathirika nao haukunyamaza. Gisella Perl, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyefungwa katika kambi ya Auschwitz, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1948, akieleza jinsi alivyotoa mimba kwa siri, gizani na bila vifaa, kwa kuwa mjamzito aliyegunduliwa alikuwa amekwisha. Mwaka mmoja kabla yake Waitaliano wawili waliorudi kutoka huko walichapisha vitabu vyao: Primo Levi, ambaye kitabu chake kimekuja kusomwa duniani kote, na Liana Millu, aliyeandika kuhusu wanawake wa Birkenau, sehemu ya kambi hiyo, na akabaki kujulikana na wachache, ingawa Levi mwenyewe alikuja kumwandikia utangulizi. Kitabu cha Levi nacho kilichukua zaidi ya miaka kumi kupata wasomaji, kwa hiyo haifai kudhani kwamba wanaume walipokelewa kwa vigelegele. Tofauti ilionekana baadaye. Masimulizi ya mwanamume yalipokubalika, yalikubalika kuwa masimulizi ya kambi. Ya mwanamke yalikubalika kuwa masimulizi ya wanawake kambini. Mmoja akawa mtu, mwingine akawa aina ya mtu.

Na wapo waliojaribu kuujenga ushuhuda kuwa taaluma kamili. Rachel Auerbach, aliyeendesha jiko la supu katika geto la Warsaw na kuandikia kikundi cha Ringelblum, ni mmoja wa watatu tu wa kikundi hicho walionusurika. Alishiriki kuisaka ile hazina iliyofukiwa, akahamia Israeli, na kuanzia 1954 akaongoza idara ya kukusanya ushuhuda katika taasisi ya Yad Vashem mjini Jerusalem. Humo alilumbana na wanahistoria wenye shahada walioona maneno ya manusura ni malighafi isiyoaminika. Alichangia sana kuwapata mashahidi wa kesi ya 1961 ya Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi, kesi iliyowafanya watu wengi duniani wasikie kwa mara ya kwanza sauti za walionusurika. Ukipima kwa vigezo vya kawaida vya uprofesa, hakuwa na maisha ya kitaaluma. Ukipima kwa kile ambacho wengine wamekitumia kupata uprofesa, ni vigumu kumpata aliyefanya zaidi yake.

Mwaka 1983 ndio unaotajwa kuwa wa kuzaliwa kwa fani, na kwa maana ya vyeo na vikao ni sawa. Mwanafalsafa Joan Ringelheim pamoja na Esther Katz waliandaa mkutano jijini New York kuhusu wanawake walionusurika, wakawakalisha ukumbi mmoja wasomi na manusura. Upinzani ulikuja mapema, na haukutoka kwa watu wapumbavu. Mwandishi Cynthia Ozick alimweleza Ringelheim kwa barua kwamba swali lake lenyewe ni kosa la kimaadili: Wayahudi waliuawa kwa kuwa Wayahudi, si kwa kuwa wanaume au wanawake, na kuuliza kuhusu wanawake ni kuugawa msiba usiogawanyika. Ringelheim hakuificha barua hiyo, aliijadili hadharani. Hoja hiyo inastahili kujibiwa na si kubezwa, kwa sababu ndani yake mna ukweli mzito. Katika vyumba vya gesi vya Treblinka hapakuwa na tofauti ya mwisho. Mwenye kuandika kuhusu jinsia akasahau hilo, ameandika kuhusu kitu kingine.

Jibu lake ni hili: mwisho ulikuwa mmoja, lakini njia ya kuufikia haikuwa moja, na historia ni habari ya njia. Kitabu cha Marion Kaplan cha 1998 kuhusu maisha ya Wayahudi katika Ujerumani ya Wanazi kinalionyesha hilo kwa mambo ya nyumbani kabisa. Baada ya 1933, wanawake walikuwa wepesi zaidi kutaka kuhama. Mwanamume alikuwa na duka, wateja, nishani ya Vita Kuu ya Kwanza, na hesabu ya miaka aliyoitumikia nchi. Mke wake alikuwa na jirani aliyeacha kumsalimu na mtoto aliyerudi kutoka shule akilia. Taarifa ziliwafikia kwa milango tofauti. Ulipofika Usiku wa Vioo Vilivyovunjika, Novemba 1938, wanaume wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa katika kambi za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen, na ni wake zao waliokimbizana na ofisi na balozi kutafuta karatasi za kuhama, kwa sababu mwenye uthibitisho wa kuondoka nchini aliweza kuachiliwa. Hata hivyo waliobaki nyuma, na mwishowe wakapakiwa kwenye treni, walikuwa wanawake zaidi ya wanaume, hasa wazee. Vijana wa kiume walitangulizwa nje kwa kuwa ndio walioonekana kuwa hatarini. Mabinti walibaki kuwatunza wazazi. Mantiki ileile iliwadanganya watu wa Poland mwaka 1939: wanaume wengi walikimbilia mashariki wakiamini kwamba Mjerumani hatagusa wanawake, na ndiyo moja ya sababu geto la Warsaw lilikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Slepak hakuhitaji nadharia yoyote kuliona hilo. Alihitaji kutoka nje na kuhesabu.

Mifano haiishi hapo. Kwenye jukwaa la reli la Birkenau, mwanamke mwenye mtoto mdogo alipelekwa moja kwa moja kwenye gesi pamoja naye, hata kama yeye mwenyewe alikuwa kijana mwenye nguvu ambaye pengine mchujo ungembakiza kwa kazi. Wauaji hawakutaka fujo ya kuwatenganisha mama na watoto. Baba alikuwa amekwisha kutenganishwa na familia dakika chache kabla. Umama ukawa hukumu ya kifo. Upande wa pili, waliosafiri kati ya geto na geto wakibeba habari, vitambulisho bandia na hata silaha walikuwa zaidi wasichana, watu kama Tema Schneiderman na Frumka Płotnicka. Sababu moja ni ya kimwili na haina siri: mwanamume Myahudi aliweza kutambuliwa kwa kushushwa suruali, kwa kuwa alikuwa ametahiriwa na Mpolandi Mkristo hakutahiriwa. Jinsia hapa iliua na hapa iliokoa. Atakayeiondoa kwenye maelezo kwa sababu ya heshima hatabaki na msiba ulio mtakatifu zaidi. Atabaki na msiba asioweza kuueleza.

Lipo pingamizi la pili, na kwangu ndilo gumu zaidi. Katika kuandika kuhusu wanawake ni rahisi kuanza kuwapamba. Watafiti wa mwanzo walivutiwa na masimulizi ya wanawake waliojifanya dada kambini, waliogawana mkate, waliokariri mapishi ya nyumbani ili kushinda njaa, na baadhi yao wakadokeza kwamba wanawake walistahimili vizuri zaidi kwa sababu walikuwa wamefundwa kutunza. Lawrence Langer, msomi wa ushuhuda, aliyapinga kwa ukali mashindano haya ya mateso na ya ujasiri. Lakini aliyepiga pigo kubwa zaidi alikuwa Ringelheim mwenyewe. Mwaka 1985, miaka miwili tu baada ya mkutano wake, alichapisha makala ya kuukosoa utafiti wake mwenyewe. Alisema kwamba aliyasoma mahojiano kwa miwani ya ufeministi uliotaka kuwaona wanawake wakiwa wema kwa asili, na kwamba kusifu nguvu inayozaliwa na uonevu ni kukaribia kuusifu uonevu. Kama wanawake walikuwa wakisaidiana hivyo, aliuliza, nani aliiba, nani alisaliti, na wale waliokufa peke yao tuwaweke wapi? Katika maisha ya kitaaluma, ambako mtu hupanda cheo kwa kuilinda hoja yake, hatua hiyo ni adimu. Ringelheim alikuja kuongoza kitengo cha historia simulizi katika jumba la makumbusho la Holokosti jijini Washington, na inawezekana kazi hiyo ya kusikiliza ilimfaa zaidi kuliko kiti chochote cha idara ya falsafa.

Kujikosoa huko ndiko kulikofungua mlango wa wanawake waliokuwa upande wa wauaji, habari ambayo wengi wangependa ibaki imefungwa. Mwaka 1987 Claudia Koonz alichapisha kitabu kilichodai kwamba wanawake wa Kijerumani waliuhudumia utawala wa Hitler hata kwa kule kuutunza tu usafi wa nyumba: walimpatia muuaji mahali pa kurudi jioni akajiona bado ni binadamu. Gisela Bock, mwanahistoria wa sera za Wanazi za kuwafunga watu vizazi kwa lazima, alimpinga vikali, akisema kwamba serikali hiyo haikuwatukuza wanawake wote wawe mama bali iliwashambulia wengi kwenye matumbo yao, na kwamba lawama itafutwe mahali wanawake walipofanya kazi za utawala, si jikoni. Malumbano hayo yalikuwa ya moto, na kwa maoni yangu Bock alikuwa sahihi kuhusu mahali pa kutafuta. Utafiti uliofuata ulikwenda hukohuko. Wanawake wapatao 3,500 walikuwa walinzi katika kambi, wengi wao wakiwa wamefunzwa Ravensbrück, kambi ya wanawake iliyofunguliwa 1939. Wendy Lower, katika kitabu chake cha 2013, aliwafuata makatibu, wauguzi, walimu na wake za maofisa walioenda maeneo yaliyotekwa mashariki, akikadiria kwamba Wajerumani wa kike waliofika huko hawakupungua nusu milioni. Wengi walipiga chapa orodha. Wengine waliua kwa mikono yao, na baada ya vita ni wachache mno waliofikishwa mahakamani, kwa sababu waendesha mashtaka nao waliamini kwamba mwanamke hafanyi hayo.

Mwaka 1998 unastahili kutazamwa peke yake. Mwaka huo Dalia Ofer na Lenore Weitzman walichapisha mkusanyo mkubwa wa makala kuhusu wanawake katika Holokosti, uliowakutanisha manusura na wanahistoria. Juni mwaka huohuo, jarida la Commentary la Marekani lilichapa shambulio la Gabriel Schoenfeld dhidi ya maprofesa wa Holokosti, na walioandamwa zaidi walikuwa hawa wa jinsia: kwake ilikuwa ni siasa ya vyuoni iliyovaa kilio cha wafu. Na tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari, ikatamka kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama za kimataifa kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Namna hukumu hiyo ilivyofikiwa inafanana mno na kisa cha fani tunayoieleza. Hati ya kwanza ya mashtaka haikuwa na ubakaji ndani yake. Mapema 1997 shahidi mmoja mwanamke, akieleza mambo mengine, alitaja jinsi bintiye mdogo alivyobakwa. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye benchi hilo, alikuwa miongoni mwa majaji waliofuatilia kwa maswali. Shahidi mwingine akafuata, na Juni 1997 hati ikarekebishwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii si hadithi ya mbali: jengo ambamo kesi ilisikilizwa lipo Arusha. Mahakama hiyohiyo, mwaka 2011, ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, kwa mauaji ya kimbari na kwa kuwajibika kwa ubakaji. Kifungo cha maisha kilipunguzwa na rufani ya 2015 kuwa miaka 47. Anayemsoma Schoenfeld leo akiwa na hukumu hizo mbili mezani atapata shida kuamini kwamba swali la jinsia lilikuwa pambo la maprofesa.

Haifuati kwamba Holokosti isomwe ili ieleze Rwanda, wala Rwanda ili ieleze Holokosti. Hapa ndipo kumbukumbu inapoingia, kama mguu wa tatu wa fani. Neno letu lenyewe linasaidia kuliko la lugha nyingi: kumbukumbu ni kile mtu anachokikumbuka, na pia ni maandishi ya kikao, na pia ni sherehe ya kila mwaka. Wasomi wa Ulaya na Marekani walihitaji vitabu vingi kuonyesha kwamba vitu hivyo vitatu havitengani. Marianne Hirsch, aliyezaliwa Timișoara, Romania, mwaka 1949, kwa wazazi Wayahudi walionusurika, alisomea fasihi linganishi na kufundisha Dartmouth, kisha Columbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alibuni neno la kueleza hali ya watoto wa manusura, ambao wanabeba matukio ya kabla ya kuzaliwa kwao kana kwamba waliyapitia: kumbukumbu ya baada, tunaweza kuiita, inayopokelewa kwa picha za familia, kwa kimya cha mezani, kwa hofu isiyo na jina. Mswahili atamjibu papo hapo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na wakosoaji wake walimjibu vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Kumbukumbu, walisema, ni ya aliyekuwapo, na mtoto ana hisia na masimulizi tu. Pingamizi hilo lina nguvu, na Hirsch hakulikana. Hasemi kwamba mtoto anawajua kunguni. Anasema mtoto amelelewa na mtu anayejikuna usiku kucha, na kwamba kujikuna huko ni jambo linaloweza kuchunguzwa: nani katika familia alisimulia, nani alinyamaza, picha ipi ilitundikwa na ipi ilifichwa kabatini. Na mara nyingi aliyepewa kazi ya kutunza picha ni binti. Ndiyo maana Hirsch hakuweza kuitenga kumbukumbu na jinsia hata kama angetaka.

Michael Rothberg, mwaka 2009, aliongeza hoja kwamba kumbukumbu za misiba hazigombanii mahali kama wachuuzi wanaogombania kibanda. Moja huweza kuipa nyingine lugha. Mfano wake mmoja ni W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, aliyetembelea magofu ya geto la Warsaw mwaka 1949 na baadaye akaandika kwamba ziara hiyo ilimpanulia uelewa wake wa ubaguzi. Sikubaliani na Rothberg kwamba kugombania ni kosa la kuona tu. Fedha za makumbusho na kurasa za vitabu vya shule zina kikomo. Lakini kama maelezo ya namna hukumu ya Arusha ilivyokuja kuwafundisha hata wanahistoria wa Holokosti kuuliza upya kuhusu ubakaji, nadharia yake inafaa kuliko nyingine.

Kuhusu riziki, mambo ni mafupi na si ya kufurahisha. Nafasi zenye jina la fani hii ni chache. Wengi wanaoifanya wameajiriwa katika idara za historia ya Ujerumani, fasihi, falsafa au masomo ya wanawake, na wanafundisha mengine ili waruhusiwe kuandika hili. Shahada ya uzamivu iliyolengwa mahsusi kwa historia ya Holokosti ni jambo la miaka ya karibuni. Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts, kilianza mwaka 1998. Mwanafunzi anahitaji Kijerumani kwa nyaraka za wauaji, Kiyidi na Kipolandi kwa sauti za waliouawa, mara nyingi Kiebrania juu yake, na kila lugha ni miaka. Anahitaji pia safari za nyaraka: Jerusalem, Washington, Warsaw, na mji mdogo wa Bad Arolsen nchini Ujerumani, ambako mamilioni ya kumbukumbu za wafungwa na waliohamishwa yalifungiwa watafiti hadi 2007. Hayo ndiyo yanayoamua nani anaingia na nani anabaki mlangoni, zaidi ya ubishi wowote wa nadharia.

Lakini kizuizi kilichoichelewesha fani kwa miaka arobaini hakikuwa fedha. Katika makala yake ya 1998, Ringelheim anaeleza kuhusu shahidi mmoja, ambaye alimpa jina la bandia, aliyefichwa akiwa msichana na kudhulumiwa kimwili na wanaume wa familia iliyomficha. Alionywa asiseme, na hakusema, si kwa wenzake waliofichwa pamoja naye wala baadaye kwa mume. Alipomweleza Ringelheim, wasiwasi wake ulikuwa kama jambo hilo lina uzito wowote likiwekwa kando ya Holokosti. Tayari alikuwa ameligawa mara mbili: huku msiba wa Wayahudi, huku aibu yake mwenyewe, na katikati ukuta. Ozick na yeye walikuwa wamefika kwenye ukuta uleule, mmoja kwa hoja, mwingine kwa woga. Watafiti wa leo, kina Na'ama Shik, Zoë Waxman na Anna Hájková, wanaandika kuhusu ubakaji, kuhusu ngono iliyobadilishwa kwa mkate katika geto la Theresienstadt, kuhusu mapenzi ya jinsia moja kambini, na wanalazimika kila mara kuamua watumie neno gani mahali ambapo hiari na lazima havikuwa na mpaka unaoonekana.

Mashahidi sasa ni wachache, na wa mwisho walikuwa watoto. Kilichobaki ni kanda: Chuo Kikuu cha Yale kina zaidi ya 4,000, na mkusanyo ulioanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994 una zaidi ya 50,000. Kizazi kipya cha watafiti kinazirudia zilezile ambazo wengine walishazinukuu, na safari hii kinamsikiliza mhoji pia. Mwanamke anataja mlinzi aliyekuja bwenini usiku, anasita, anatazama pembeni ya kamera. Na mhoji, kwa upole, anamuuliza walihamishwa lini kwenda kambi iliyofuata.